Bando la Nyumbani Si Maji ya Mto

Jioni inapoingia katika vitongoji vya Machochwe, ng'ombe wakiwa wameshaingia zizini na adhana ya Isha bado haijasikika, kuna swali ambalo siku hizi husikika ua baada ya ua, nalo halikuwapo miaka ishirini iliyopita: "Umewasha hotspoti?" Kwa wazee wetu ambao neno hilo bado ni geni kwao, hotspoti ni ule uwezo wa simu ya kisasa kuichukua intaneti iliyonunuliwa katika laini yake na kuigawa kwa waifai kwa simu nyingine, vishikwambi na kompyuta zilizo karibu nayo. Mafundi wa lugha wamejaribu kuliita mtandao pepe. Watu wanasema hotspoti, nasi katika ukurasa huu tutakwenda na watu.

Tumeona ni vyema tulizungumze jambo hili kwa sababu limeingia majumbani mwetu kimyakimya bila ya kuwekewa adabu yoyote. Vyombo vilivyotangulia vilikuja na adabu zake. Redio ilikuwa ya baba, na aliyetaka kuhamisha stesheni aliomba ruhusa. Kisima kina zamu. Ama zizi, ambalo kwa Mkurya ndiyo benki yake, lina mwenye kulifunga usiku na kulifungua asubuhi, na ng'ombe akipotea anajulikana wa kuulizwa. Lakini hotspoti imekuwa kama haina mwenyewe. Mtu anaiwasha saa kumi na mbili jioni, anailaza simu dirishani, anasahau, na hadi alfajiri kila apitaye anachota.

Sisi tunasema kwamba aliyelinunua bando na kuligawa ndiye mchunga wake, na wanaolitumia ni wageni wake. Mwenyeji ana haki ya kuombwa na ana wajibu wa kuangalia anachokigawa. Mgeni naye ana haki ya kukirimiwa bila kusimangwa, na ana wajibu wa kutokula kilichowekwa kwa ajili ya mtu mwingine. Mengine yote tutakayoyasema humu yanatoka hapo.

Kwanza tuondoe dhana kwamba tunaipinga hotspoti yenyewe. La hasha. Kwa mahali kama Machochwe ni neema kubwa kuliko ilivyo kwa mkazi wa Mwanza au Dar es Salaam, na sababu yake ni ya kifundi. Kata yetu iko pembezoni mwa Wilaya ya Serengeti, upande wa hifadhi, na mnara wa simu hauko nyuma ya kila nyumba. Nyumba nyingi zimeezekwa kwa bati, na bati huyapunguza nguvu mawimbi ya simu. Ndiyo maana mtu akiwa ndani huona alama za mtandao zikishuka hadi moja, na akitoka uani zinapanda. Watu wamejifunza wenyewe, bila ya kufundishwa na fundi, kuiweka simu moja kwenye dirisha linaloelekea mnara, au kuitundika kwenye mti wa uani, hotspoti ikiwa imewashwa, na wengine wakakaa ndani wakitumia waifai yake. Simu hiyo imekuwa mnara mdogo wa nyumba. Kasi wanayoipata walioko ndani kwa njia hiyo mara nyingi ni bora kuliko ambayo kila mmoja angeipata kwa laini yake akiwa chini ya bati.

Hapa tuongeze faida ndogo kwa wenye kupenda kujaribu. Waifai ya simu nyingi huweza kutumia masafa mawili, ya 2.4 GHz na ya 5 GHz. Haya ya pili yana kasi zaidi, lakini huishia karibu na hupata taabu kupenya ukuta. Hayo ya kwanza huenda mbali na huvuka kuta kwa urahisi. Kwa nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba vitatu, na simu ikiwa dirishani mwa sebule, la kwanza ndilo linalofaa. Uchaguzi huo kwa kawaida umo katika ukurasa ule ule wa kuwashia hotspoti. Na simu isiachwe juani, wala isichomekwe kwenye chaja kutwa kucha huku ikigawa intaneti, kwa kuwa kazi hiyo huipasha moto na joto ndilo adui mkubwa wa betri.

Wako pia walimu. Vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya Agosti 2022 viligawiwa baadaye kwa walimu, nao wengi tunawajua: kishikwambi kipo mkononi, lakini bando liko katika simu. Mwalimu huyo akiwasha hotspoti ya simu yake jioni, anafungua vitabu vya kiada katika maktaba ya mtandaoni ya Taasisi ya Elimu Tanzania na kuandaa somo la kesho. Hakuna mwenye akili atakayemwambia azime.

Tena si jambo la zamani hata kidogo. Uwezo huu ulianza kuenea pale simu za Android zilipoupata mwaka 2010 na simu za iPhone mwaka uliofuata. Mkongo wa SEACOM uliokuja kwa njia ya bahari ulikuwa umefika Dar es Salaam mwaka 2009 tu. Kabla ya hapo, mtu wa huku aliyetaka kutuma barua pepe alipanda gari kwenda mjini na kulipia kompyuta kwa dakika, akiitazama saa ukutani. Mnamo Mei 2023 ilisainiwa Dodoma, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 za nchi hii kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Kwa hiyo jambo hili linakua, na wasiokuwa nalo leo watakuwa nalo kesho. Ni bora adabu yake itangulie.

Sasa tuje kwenye lile lililotusukuma kuandika.

Kijana mmoja wa jamaa zetu hapa Machochwe alimaliza kidato cha sita, akapata alama za kutosha kwenda chuo kikuu. Baba yake alikwisha kufariki. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu hujazwa kwa njia ya mtandao, na yana siku ya kufungwa. Mama yake aliuza debe mbili za mahindi, akanunua bando la GB 5 katika simu yake, akasema wazi mbele ya watu wote waliokuwapo kwamba bando hilo ni la fomu ya kijana. Binamu yake alikuwa amekuja kutoka mjini na kompyuta mpakato, ikaonekana ni heri fomu ijazwe humo kwa kuwa kioo cha simu ni kidogo. Simu ya mama ikawekwa dirishani, hotspoti ikawashwa, kompyuta ikaunganishwa. Binamu akaiunganisha na simu yake pia. Hakuwa na nia mbaya. Dada wa nyumba ya pili, ambaye aliwahi kupewa neno la siri miezi mitatu nyuma alipotaka kutumiwa picha ya mgonjwa wao, naye simu yake ikajiunga yenyewe, kwa sababu simu hukumbuka mahali ilipowahi kuingia.

Kijana akaanza kuandika. Akafika mahali panapotakiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, akaondoka kukitafuta katika sanduku la marehemu baba yake. Alikaa huko kama saa nzima. Aliporudi, ujumbe ulikuwa umekwisha kuingia katika simu ya mama: bando limekwisha. Hakuna aliyetazama filamu. Hakuna aliyecheza mchezo. GB 5 zilikuwa zimeondoka, na fomu ilikuwa katika ukurasa wake wa pili.

Zilikwenda wapi? Jibu lake ndilo ambalo tunaomba kila mwenye nyumba alishike, kwa maana wengi wamelaumu kampuni za simu kwa wizi ambao umefanyika sebuleni kwao wenyewe. Vyombo hivi vimeundwa na watu wa nchi ambako waifai ya nyumbani hulipiwa kwa mwezi na haipimwi. Kwa hiyo chombo kikiona waifai hudhani kimefika penye maji mengi, na huanza kufanya kazi zote ilizokuwa imeziahirisha. Kompyuta hushusha masasisho yake, ambayo peke yake huweza kufika GB kadhaa. Duka la programu katika simu, likiachwa kama lilivyotoka kiwandani, husubiri waifai ili lisasishe programu zote. Picha za harusi ya mwezi uliopita huanza kupandishwa kwenye hifadhi ya mtandaoni. WhatsApp, kwa mpangilio wake wa kuzaliwa, ikiwa kwenye data ya laini hushusha picha tu, lakini ikiwa kwenye waifai hushusha kila kitu: video, sauti na nyaraka, za makundi yote, hata zile ambazo mwenye simu hatazitazama kamwe. Chombo hakijui kwamba waifai hii imetoka katika bando la mama aliyeuza mahindi. Baadhi ya simu za Android hutambua zinapojiunga na hotspoti ya Android mwenzake na hujizuia, lakini si zote, na kompyuta ndiyo kipofu zaidi.

Dawa ipo, na haihitaji fundi. Katika kompyuta za Windows, mtu akifungua mipangilio ya waifai aliyojiunga nayo, ataona mahali pa kuonyesha kwamba mtandao huo unapimwa. Akipawasha, masasisho makubwa husubiri. Katika simu za Android pana mahali kama hapo katika maelezo ya kila waifai. Katika WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, mtu huondoa alama zote zilizo chini ya waifai, na kuanzia hapo video hushuka ikiguswa tu. Haya ni ya mgeni kuyafanya katika chombo chake kabla ya kuomba neno la siri, kama avuavyo viatu kabla ya kukanyaga mkeka wa watu. Mwenyeji naye anayo yake: simu nyingi huonyesha orodha ya waliojiunga, nyingi huruhusu kuweka kikomo cha data, na huweza kuambiwa izime hotspoti yenyewe pasipo na anayeitumia.

Tunajua watakaosema kwamba tunalikuza jambo dogo. Hebu tukumbuke Aprili 2021. Bei mpya za vifurushi zilipotangazwa, nchi nzima ilipiga kelele kwa siku moja hadi serikali ikazisitisha. Kelele ile ilikuwa ya haki. Lakini ni wangapi kati ya waliopiga kelele waliokwenda kutazama ni programu gani iliyokula bando lao la mwezi ule? Netflix, kampuni inayoonyesha filamu kwa mtandao, yenyewe huwaambia wateja wake kwamba saa moja ya filamu ya ubora wa kawaida hula hadi GB 1, na ya ubora wa juu hadi GB 3. Hiyo ni saa moja, kioo kimoja. Nyumba yenye vioo vinne haihitaji mwizi kutoka nje.

Na sasa tumtaje mwizi huyo kutoka nje, kwani yupo, na mara nyingine huswali safu moja nasi. Tumewahi kusikia, barazani mwa msikiti, kijana akicheka na kusema kwamba waifai ni hewa, na hewa haiibiwi. Alikuwa amekisia neno la siri la jirani yake, lililokuwa namba ya simu ya jirani huyo, na kwa wiki mbili alikuwa akipata intaneti bila kutoa shilingi. Waliokuwapo wakacheka naye.

Sisi hatukucheka. Hewa ni ya wote kwa sababu anayevuta pumzi hampunguzii mwenzake. Bando si hivyo. Limenunuliwa kwa kipimo kama mafuta ya taa au maziwa, na kila MB aliyoichukua yule kijana ni MB ambayo mwenye nayo hatakuwa nayo. Anayekamua ng'ombe wa jirani usiku hawezi kujitetea kwamba ng'ombe bado yupo zizini. Uharamu wa mali ya mtu isiyotolewa kwa radhi yake haukungoja simu zije ndipo ujulikane, na kutoonekana kwa mali hakuiondolei umali wake. Kama kijana yule amesoma hapa, njia iko wazi: aende kwa jirani, aseme, na amnunulie bando. Tunaamini jirani atacheka, safari hii wote wawili.

Lipo na la katikati, ambalo ndilo limejaa zaidi: mtu aliyeruhusiwa mara moja kwa shida maalumu akaifanya ruhusa hiyo kuwa ya milele. Yule dada wa nyumba ya pili tuliyemtaja hakuiba kwa kukusudia. Alipewa kwa ajili ya picha ya mgonjwa, na picha aliipata. Ruhusa ya jambo moja huisha jambo hilo likiisha. Mwenyeji asiyetaka maneno na jirani ana njia ya upole kuliko zote, nayo ni kubadili neno la siri kila baada ya muda na kuwaambia wote, "Nimebadili, ukihitaji niambie." Hapo hakuna aliyefukuzwa, na kila mmoja amerudishwa mlangoni kubisha hodi. Neno lenyewe lisiwe namba ya simu, wala jina la mtoto, wala 12345678. Na simu ikiuliza aina ya ulinzi, ichaguliwe WPA2 au WPA3, kamwe isiachwe wazi.

Ama masimango, hayo ni ya kwetu wenyeji. Tumewaona wanaowasha hotspoti kwa mkono mmoja na kutangaza kwa mdomo: fulani amekula bando langu, fulani hanunui vocha. Aliyetoa na akasimanga amelipoteza bando na amepoteza na thawabu. Anayeona uzito aseme leo siwezi. Ni neno fupi, na halivunji ujirani kama linavyouvunja lile la kusemwa nyuma ya mgongo.

Kuna jambo la jina pia, na hapa wazazi wasikilize. Tangu Januari 20, 2020, siku ya mwisho iliyowekwa, laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa ilikabiliwa na kuzimwa. Kwa hiyo laini iliyo katika simu ya dirishani ina kidole cha mtu. Simu tano zikijiunga na hotspoti, mtandao wa nje hauzioni simu tano. Unaiona laini moja. Matusi yaliyotumwa, picha chafu zilizosambazwa, habari ya uongo iliyorushwa na mmoja wa waliojiunga, zote zinatoka kupitia mlango mmoja wenye jina la mwenye laini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ina vifungu juu ya mambo kama hayo. Hatusemi kwamba mwenye laini ndiye atakayehukumiwa kwa kosa la mwingine, maana hayo ni ya mahakama. Tunasema kwamba wa kwanza kugongewa mlango anaweza kuwa yeye, na itabidi aeleze nani alikuwa amejiunga usiku ule. Je, anajua? Vijana wetu wanacheza kamari kwa simu, tusidanganyane, na baadhi yao hungoja hotspoti ya mama ndipo wafungue. Mama amenunua bando la halali, na linapita humo.

Wako wanaochukua haya yote kuwa hoja ya kuizima hotspoti moja kwa moja, kila mtu na simu yake na laini yake. Tumelitafakari, na hatukubaliani nalo. Kwanza, mtoto aliyepewa laini yake mwenyewe huondoka machoni pa wazazi kabisa, ilhali anayetegemea simu ya sebuleni hukaa sebuleni. Pili, bando moja kubwa mara nyingi huwa nafuu kuliko mabando madogo manne. Tatu, na hili ndilo zito, katika wilaya yetu simu yenye intaneti ndani ya nyumba huweza kuwa jambo la kuokoa.

Wasomaji wa nje ya Mara huenda wasijue. Katika nchi ya Wakurya ukeketaji wa mabinti haujaisha, ingawa sheria ya mwaka 1998 iliuharamisha kwa walio chini ya miaka 18, na msimu wake zaidi ni Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Mugumu, makao makuu ya wilaya yetu, kuna nyumba salama ya shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, lililoanzishwa na Bi Rhobi Samwelly, ambako wasichana wanaokimbia hupokelewa. Mwanzoni tatizo moja kubwa lilikuwa kujua binti anayeomba msaada yuko wapi, maana vijiji vyetu havikuwa katika ramani yoyote ya maana. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Crowd2Map, ambamo watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi walichora nyumba na njia zetu kutoka katika picha za satelaiti, katika ramani huria ya OpenStreetMap, na wenyeji wenye simu wakaongeza majina ya vijiji, shule na zahanati. Baadaye wanawake wa kujitolea katika vijiji vya Serengeti wakapewa simu za kisasa na mafunzo, ili taarifa ya ukatili ifike Mugumu upesi.

Tunayataja haya kwa sababu mbili. Moja ni somo la matumizi: ramani hizo hushushwa mara moja penye mtandao mzuri, kisha husomeka porini bila hata MB moja. Mambo mengi yako hivyo. Vitabu vya shule, sauti za mawaidha, hata kamusi, vinaweza kushushwa kwa zamu siku bando lipo, vikasomwa mwezi mzima hotspoti ikiwa imezimwa. Wengi wetu tunasikiliza mawaidha yale yale kwa kuyashusha upya kila siku, kama mtu anayenunua mtungi uleule kila akitaka kunywa.

Sababu ya pili haina utani. Nyumba ambayo bando lake limekwisha usiku kwa video za makundi, asubuhi haiwezi kutuma mahali alipo mtoto aliyekimbia, wala picha ya jeraha kwa mganga, wala habari ya tembo waliovuka kutoka hifadhini na kuelekea mashambani. Ni kweli kupiga simu kunabaki kwa mwenye salio, na kupiga ndiyo njia ya kwanza. Lakini anayejua kwamba Desemba katika kitongoji chake ni mwezi wa hofu kwa mabinti, na akawa anao uwezo, aweke akiba ya MB kadhaa isiyoguswa na mtu. Na kama binti wa jirani anakuja kuomba hotspoti kwa dakika kumi na hataki kusema anaandika nini, tunamwomba mwenyeji asimkague.

Yule kijana wa fomu ya mkopo aliamka saa kumi alfajiri, akapanda bodaboda kwenda Mugumu na karatasi zake ndani ya mfuko wa nailoni, kwa nauli iliyokopwa. Aliwahi. Fomu ilipokelewa zikiwa zimebaki siku mbili. Binamu aliirudisha gharama ya bando bila kuambiwa, na tunamshukuru.

Tulimtembelea mama yake mwezi uliofuata. Simu iko dirishani pale pale, lakini inawashwa baada ya Magharibi na kuzimwa baada ya Isha, na neno la siri analiandika yeye mwenyewe katika kila chombo. Tukiwa tunakunywa chai aliichukua simu, akatazama orodha ya waliojiunga, akakunja uso. Nyumbani kulikuwa na simu tatu. Orodha ilisema nne. Akachukua tochi akatoka. Chini ya dirisha, mgongo ukiwa ukutani, walikuwapo watoto watatu wa nyumba ya pili na simu moja ya kaka yao, madaftari magotini, wakinakili maswali ya hesabu kutoka katika kitabu kilichofunguliwa kwenye kioo. Aliuliza ni nani aliyewapa neno la siri. Mwanawe wa mwisho, ambaye alikuwa amegundua kwamba simu inaweza kuligawa neno hilo kwa mchoro wa kupigwa picha bila hata kulitamka, aliitazama miguu yake.

Mama alikaa kimya kidogo. Kisha akawaambia waingie ndani, maana fisi wameanza kulia, na kesho wabishe hodi.